Unatumia Dawa Nyingine?

Daktari aliuliza swali hilo mara moja tu, macho yake yakiwa kwenye karatasi, na fundi betri akajibu upesi kama anayetaka kutoka chumbani humo kabla hajachomwa sindano.

"Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana, daktari."

Mkewe, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani, akamuunga mkono. "Hatumii. Huyu na dawa ni paka na maji. Hata kuja hapa nimemkokota."

Wote wawili walisema kweli kama walivyoijua. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye walitokea watu wa kusema kwamba waliingia mle ndani wakiwa wamepatana kudanganya. Hawakupatana lolote. Walikuwa watu waliozoea kusema ukweli, wakaulizwa swali kwa neno ambalo nyumbani kwao lilikuwa na maana nyingine.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo, amechoka tangu asubuhi, na mlango wake ulikuwa ukigongwa kila baada ya dakika mbili. Alimweleza fundi kwamba kipimo cha wadudu wa tumbo kimetoka safi, lakini maumivu anayoyasema, ya kuungua chini ya kifua na kuamka na uchungu mdomoni, ni ya vidonda. Kipimo cha kamera kilikuwa hospitali kubwa, na foleni yake ni ya miezi. "Nakuandikia dawa ya kupunguza asidi tumboni, wiki nane. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje tarehe. Njoo siku hiyo hiyo."

Aliposikia habari za choo mbele ya mkewe, fundi akageukia ukutani akasoma bango la chanjo ya watoto. Mkewe naye akashughulika na zipu ya mkoba. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa, lakini kuna mambo ambayo watu wazima hawayatazami pamoja.

Dirishani pa kuchukulia dawa, mgawa dawa alipaza sauti kupitia tundu la kioo, na foleni nzima ikapata faida. "Tumbo, sivyo? Kimoja kila asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Kila siku, unaumwa huumwi! Meza kizima, usitafune, usifungue, usikatishe njiani. Umesikia, mzee?"

"Nimesikia," alisema fundi, ambaye hakuwa mzee. Kijana wa nyuma yake akacheka. Fundi akaitia bahasha ya dawa mfukoni akaondoka bila kuuliza chochote, maana ukiuliza unarudiwa kwa sauti kubwa zaidi.

*

Sasa neno lenyewe. Katika uwanja wa gereji alikofanyia kazi, ambako fundi betri, fundi rejeta na wapiga rangi walipanga mabanda yao ubavu kwa ubavu, hakuna aliyekuwa akisema amemeza dawa ya maumivu. Walisema wamepiga chaji. Vidonge vile vidogo, vinavyouzwa duka lolote kumi kumi kwenye kikaratasi cha kung'aa, vilikuwa chaji. Betri ya lori ina uzito wa mtu mwembamba, na mwenye mgongo mbovu haibebi bila kupiga chaji. Dawa ni kitu unachopewa na daktari ukiwa mgonjwa. Chaji ni ya mtu mzima mwenye kazi zake.

Neno hilo lilifika nyumbani pamoja na ovaroli yenye matundu ya asidi, likakaa. Mkewe alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu uani pake, na mgongo wake ulikuwa mkongwe kuliko yeye mwenyewe. Kila asubuhi alikata vidonge viwili kwenye kikaratasi, kimoja akakimeza yeye, kingine akakiweka kando ya kikombe cha mumewe.

"Chaji yako hiyo."

"Dobi wangu," fundi alikuwa akisema, "bila wewe mimi ni gari la kusukumwa."

Jioni tena kimoja. Hivyo kwa miaka sita. Lau mtu angemuuliza yule mama, "Mumeo hupiga chaji?" angejibu ndiyo kabla swali halijaisha. Hakuna aliyemuuliza hivyo.

*

Asubuhi ya kwanza fundi alikishika kidonge cha daktari kwa vidole viwili, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa cha rangi mbili, na ukikitikisa unasikia vipunje ndani.

"Hiki kazi yake ni kuzima asidi," alisema.

"Kupunguza, alisema."

"Kuzima, kupunguza, baba mmoja mama mmoja. Sikiliza, mama. Asidi naijua mimi kuliko yule binti. Ikimwagika sakafuni unafanyaje? Unamwagia magadi. Yanachemka, yanatulia, unafagia. Lakini huwezi kuamka kila siku ukamwaga magadi kwenye sakafu kavu. Huko ni kuchezea magadi."

"Yule wa dirishani alisema kila siku, unaumwa huumwi."

"Yule wa dirishani amewahi kumwagikiwa?"

Akaonyesha mkono wake wa kushoto, ambao ngozi yake ilikuwa na mabaka ya rangi ya waridi kuanzia kiwiko hadi kifundo. Mkewe akacheka. Na kusema haki, kwa sakafu ya gereji hoja ile haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa kudhani tumbo ni sakafu, na kwamba dawa ile hufukuzana na asidi iliyokwisha kumwagika, wakati kazi yake ni kulifunga bomba taratibu, siku hadi siku, ili kidonda kipate nafasi ya kujifunga. Hilo hakuna aliyekuwa amemweleza. Alikuwa ameambiwa afanyeje, hakuambiwa kwa nini, na fundi hafuati asichokielewa.

Basi bahasha ikahamia mfuko wa ovaroli. Tumbo likitulia siku tatu, hakumeza. Likiwaka mchana katikati ya kazi, alimeza viwili kwa mpigo. Siku nyingine alikifungua kidonge akamimina vipunje kwenye maji, akakaa akivitazama.

"Mbona havichemki?" alimuuliza fundi rejeta, jirani yake wa banda.

"Labda umeuziwa feki," alisema fundi rejeta.

Hata hivyo maumivu yalipungua. Si kwa kupona, ila kwa siku zile alizomeza yalififia kiasi cha kumfanya asahau. Zamani chaji ilikuwa imeanza kumchoma ikishuka, akawa anaisindikiza kwa maziwa. Sasa ilishuka kimya. Mkewe aliliona hilo wiki ya tatu.

"Siku hizi chaji haikuchomi?"

"Dawa ya daktari inaipokea."

Akafurahi. Aliona fedha ya hospitali haikupotea bure. Na kwa kuwa gereji ilikuwa imepata kazi ya kampuni ya malori, betri kumi na mbili za kushushwa, kufunguliwa, kuoshwa na kupandishwa, yule mama akaongeza chaji ya tatu. Aliifunga kwenye kijikaratasi akaiweka juu ya mfuniko wa kopo la chakula cha mchana, ili mumewe aione kabla hajafungua. Aliiweka kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomtesa baadaye kuliko kitu kingine.

*

Wifi yake alikuja Jumapili ya wiki ya tano. Alikuwa dada mkubwa wa fundi, mwanamke mwenye duka la vitenge na ulimi usiolala njaa. Hakuketi kwanza. Alisimama mlangoni akamtazama kaka yake juu hadi chini.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo? Midomo kama karatasi."

"Kazi, dada."

"Kazi ninaijua. Wifi, humu ndani mnakula?"

"Tunakula, wifi."

"Mnakula nini? Maana ninyi mnaofua nguo za watu mchana kutwa, sijui jikoni mnaingia saa ngapi."

Mke wa fundi akainuka kwenda kuweka chai. Aliporudi na sinia, fundi alikuwa akijaribu kufungua dirisha lililokwama, akapumzika katikati, mkono ukutani, akihema kama aliyepanda ngazi. Dirisha hilo alikuwa akilifungua kwa kidole kimoja. Dada mtu aliliona hilo, na mke naye aliliona, na kila mmoja akaliwekea sababu yake.

Wiki hiyo hiyo fundi alitoka msalani asubuhi akicheka peke yake. "Mama, risasi ya betri imenifika pabaya. Sasa hata chooni natoa nyeusi."

Mkewe aliacha kupanga vikombe. "Nyeusi vipi? Daktari alisema..."

"Daktari alisema kwa watu wa kalamu. Mimi nikipenga kamasi ni nyeusi. Nikioga maji ni meusi. Mto wangu mweusi, wewe ndiye unayeufua. Kipi changu kisicho cheusi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya betri kuu kuu mna tope la risasi, jeusi na laini, na miaka yote ya ndoa yao tope lile lilikuwa kwenye kucha zake, masikioni, kwenye taulo na kwenye mashuka. Yule mama alikuwa amepigana nalo kwa sabuni za kila aina na halijawahi kumalizika. Neno la daktari lilimgusa kidogo, likapita. Alimkatia chaji, akaiweka kando ya kikombe.

*

Jumamosi alifua nguo za wateja kwanza, kama desturi yake, na za nyumbani mwisho. Maji yalikuwa baridi. Alilowesha ovaroli ya pili ya mumewe kwenye karai moja na nguo za ndani kwenye jingine, akaenda kuanika mashuka ya watu. Aliporudi alikuta karai la pili limebadilika.

Risasi ikilowekwa huzama. Hukaa chini kama udongo wa kijivu, na maji ya juu hubaki na wingu tu. Tope la leo halikuzama. Lilikuwa linajitandaza kutoka kwenye bukta ya mumewe, na pembezoni, pale lilipokutana na maji safi, lilikuwa jekundu. Aliinua ile nguo. Doa lilikuwa jeusi, zito, la kunata. Akaminya, na kati ya vidole vyake yakatoka maji ya rangi ya ini.

Alikuwa dobi kwa miaka kumi na minne. Alishafua nguo za wachinjaji, na nguo za wazazi waliotoka kujifungua, na shati moja la mtu aliyegongwa na gari, shati ambalo nduguze walitaka wamzike nalo. Katika kazi yake hakuna somo linalotangulia hili: damu usiitie maji ya moto, utaipika, haitatoka tena. Aliijua damu kwenye maji baridi kama anavyojua jina lake. Aliinusa, akaiachia.

Hakuvua aproni. Alimwambia binti yake wa mwisho akae na nguo za watu, akachukua mkoba wenye kadi ya zahanati, akatoka mbio na povu mikononi.

Alimkuta fundi ameketi juu ya betri iliyogeuzwa, viwiko magotini, akisema anapumzika. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu hata pale pasipo na risasi.

"Kafa nani?" aliuliza alipomwona mkewe na aproni.

"Simama twende hospitali."

"Nina betri mbili za..."

"Simama, baba! Unatoka damu. Siyo risasi, ni damu. Nimeiona kwenye karai."

Wapiga rangi waliacha kazi wakageuka. Fundi aliona haya kwa ajili ya kelele zile, akainuka ili azikatishe. Alipiga hatua moja, akashika mlingoti wa banda, akainama. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa kama masalia ya kahawa chini ya kikombe, kingi, kikamwagikia viatu vyake na sakafu. Fundi rejeta alimdaka kabla hajafika chini. Gari la mteja lililokuwa linangoja kuwekewa rejeta ndilo lililompeleka, na mwenye gari hakuulizwa.

*

Hospitali kubwa walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamtundikia maji, wakamtoa damu ya kupima kundi. Daktari wa huko alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na yeye aliuliza akitazama usoni.

"Anatumia dawa gani?"

Mke akatoa bahasha kutoka mfuko wa ovaroli aliyovaa mumewe. Daktari akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kwa tarehe iliyoandikwa vilipaswa kubaki vidonge kumi na vinne. Vilibaki thelathini na moja.

"Mbona viko vingi hivi?"

Akaeleza. Alieleza habari ya magadi na sakafu kavu, na maneno yaliyokuwa na akili nyumbani yakawa hayana akili hata kidogo chini ya taa ile. Nesi aliyekuwa akifunga mkanda wa presha alicheka kwa pua. Daktari hakucheka.

"Na dawa nyingine?"

Wifi alikuwa amefika, kilemba kimelegea, akihema. Akawahi kujibu. "Hakuna nyingine, daktari. Kaka yangu hajazoea mambo ya dawa."

"Sisemi dawa za hospitali," alisema daktari. "Nauliza vya dukani. Vidonge vya mgongo, vya viungo, vya kichwa. Chochote cha kukata maumivu."

Hapo ndipo yule mama alipoelewa. Hakuelewa taratibu. Lilimwingia lote kwa mara moja, kikombe na kikaratasi na mfuniko wa kopo. Alifungua mdomo, na neno likatoka kama lilivyozoea kutoka.

"Chaji."

"Chaji ya nini?" aliuliza nesi. "Simu yako?"

"Vidonge. Tunaviita chaji." Akapekua mkoba wake akatoa kikaratasi cha kung'aa, saba vimetoka, vitatu vimebaki. Alikuwa na chake mwenyewe, siku zote.

Daktari alikigeuza akasoma jina. "Vingapi kwa siku?"

"Viwili. Mwezi huu vitatu."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Nani anampa?"

Huenda walikuwa watu kumi tu katika chumba kile, lakini alijiona amesimama mbele ya mji mzima. "Mimi," alisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema wifi. Aliuambia ukuta, ila kwa sauti iliyotosha watu wote.

Daktari hakumkemea mke wala dada. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi. "Mama, hivi ndivyo vilivyomchubua tumbo. Dawa ya asidi ingemsaidia kama angeimeza kila siku, na kama tungejua kuna hivi, tungevisimamisha siku ile ile ya kwanza. Kumeza kwa kubahatisha kumempunguzia maumivu tu, kidonda kikaendelea chini kwa chini. Amepoteza damu nyingi. Tunamwongezea, na daktari wa upasuaji anakuja."

"Hatukuulizwa," alisema yule mama.

"Mliulizwa," alisema daktari, akitazama kadi ya zahanati. "Imeandikwa hapa. Dawa nyingine: hakuna."

Fundi alikuwa amefumba macho muda wote huo, wakadhani hasikii. Sasa aliyafumbua.

"Daktari." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wote wainame. "Yeye alikuwa ananipa kimoja tu. Hajui. Vingine nilikuwa nameza mwenyewe gerejini. Sita, saba. Tunapeana kule."

"Pumzika, mzee."

"Ngoja. Dada." Alimtafuta kwa macho mpaka akampata. "Huyu alinikataza. Umesikia? Alinikataza, mimi nikawa mbishi. Usije ukamwambia lolote."

Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Hakuwahi kumkataza. Hata siku moja. Alitaka kusema hivyo, na mumewe alijua kwamba anataka kusema, maana aliuhamisha mkono wake wenye sindano, pamoja na maumivu yote, akauweka juu ya wake, akaubonyeza.

"Dobi," alisema, "umewaacha wateja na nguo zao?"

"Nimewaacha."

"Watakuja kulalamika."

Nesi akaondoa breki za kitanda kwa mguu. Walimsukuma hadi kwenye milango miwili ya kusukumwa, mke akakatazwa pale, na milango ikapigapiga kidogo kabla ya kutulia. Chupa ya pili ya damu ilipita mikononi mwa mtu anayekimbia. Ya tatu ilirudishwa haijafunguliwa. Saa kumi na nusu jioni daktari mwenye mvi alitoka amevua glavu, akawaomba waketi, na kabla hajasema kitu wifi alikwisha kuanza kulia.

*

Siku ya tatu ya msiba uwanja wao ulijaa viti vya kukodi. Wateja walikuja wakachukua nguo zao zikiwa hazijapigwa pasi, wakatoa pole, wengine wakalipa zaidi ya deni. Yule mama alikaa mkekani, mgongo ukimuuma kupita siku zote, na hakumeza kitu. Ilikuwa kama anaulipa mgongo haki yake.

Kilichomshangaza ni wifi. Tangu hospitali hakuwa mtu yule yule. Alimlaza kifuani, akamlisha uji kwa kijiko, na kila mgeni aliyeuliza kwa sauti ya chini ilikuwaje alimjibu kwa sauti ya juu: "Mwenzangu, kaka yangu alikuwa mbishi. Alikuwa anabugia vidonge huko gerejini, sita, saba kwa siku. Huyu maskini alimkataza mpaka akachoka. Kaka mwenyewe alikiri mbele yetu. Mficha maradhi kilio humfichua." Wageni wakatikisa vichwa, wakamwangalia mjane kwa huruma. Mjane akainamisha uso. Kila mara hadithi iliposimuliwa ilizidi kuwa imara, na yeye alizidi kuihitaji. Usiku alikuwa akihesabu: vitatu vyangu, sita vyake. Vitatu vyangu, saba vyake. Kama ni hivyo, basi hata bila vyangu. Kama ni hivyo.

Ile "alinikataza" ilikuwa uongo, hiyo aliijua. Lakini mtu anaweza kutia uongo mmoja katika maneno ya kweli.

Mafundi wa gereji walikuja alasiri, wameoga, wamevaa mashati waliyoyanyoosha kwa mikono. Fundi rejeta alikaa kiti cha mwisho karibu na uzio. Yule mama alichukua kikombe cha chai akampelekea mwenyewe, ingawa mjane hakutakiwa kuhudumia wageni, akachuchumaa kando yake kama anayepokea pole.

"Shemeji, nikuulize kitu. Nijibu kweli tu."

"Uliza, shemeji."

"Kule kazini alikuwa anapiga chaji ngapi?"

Fundi rejeta aliweka kikombe chini. Alikuwa amekaa siku mbili akisikia maneno yanayosemwa uwanjani, na yalikuwa yamemkera kwa ajili ya rafiki yake.

"Nashukuru umeuliza wewe mwenyewe," alisema. "Wanamsema marehemu vibaya. Nani amesema alikuwa anabugia? Mimi nimekaa naye banda kwa banda miaka minane. Kule tunapeana, sikatai, mimi mwenyewe nameza. Lakini yeye ukimpa anakataa. Hata kimoja, shemeji. Mungu ananisikia."

"Hata kimoja."

"Hata siku tulipopandisha zile betri za malori. Nilimwambia chukua, akanicheka. Akasema, 'Ninyi mnaomba omba chaji kwa watu, mimi nachajiwa nyumbani na mke wangu.' Tukimwona anafungua kile kikaratasi chako juu ya mfuniko, tulikuwa tunamwonea wivu." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Ndiyo nasema, wasimchafulie jina. Ukipenda nisimame sasa hivi niwaambie."

"Hapana," alisema yule mama. "Kunywa chai, shemeji. Inapoa."

Alijaribu kuinuka, mgongo ukagoma, akashika mguu wa kiti mpaka ukamwachia. Kutoka mkekani wifi alikuwa akimpungia mkono, amekwisha kumtengea nafasi kati yake na wageni waliofika sasa hivi, wanawake wawili ambao bado hawajasikia ilikuwaje.

"Wifi, njoo ukae," aliita. "Usijichoshe. Wewe huna kosa lolote, njoo."

Akaenda, akakaa pale alipotengewa, na wifi akaanza kuwasimulia.